Maji ya Rejeta ya Mama Sumya

Mama Sumya, mke wangu, alikuwa mtu wa chini ya lori. Sijui niseme vipi tena. Baridi zote tulizokaa pamoja, mimi nilisimama juu ya bampa na sufuria ya maji ya moto, yeye akalala chini kwenye theluji, mkono kwenye koki ya rejeta.

Kwetu Mongolia baridi ya usiku inapasua injini. Jioni unatoa maji yote, lori linalala tupu. Asubuhi unayachemsha, unayarudisha. Koki huachwa wazi kwanza, maji ya moto yapite, maana ukiwahi kuifunga yanaganda humo chini. Yeye alikinga kiganja. Yakitoka vuguvugu, kimya. Yakitoka moto, anafunga, anagonga chesisi kwa spana. Hakupiga kelele. Alijua masikio yangu yameliwa na injini.

Maji yale hakuyamwaga. Huku wakati wa baridi maji ni barafu unayokata mtoni na kuiyeyusha kwa moto wa samadi. Jioni aliyakinga kwenye karai, yakalala ndani ya hema karibu na jiko, asubuhi yakarudi kwenye injini. Maji yale yale, mekundu kwa kutu. Mgeni mmoja aliyachota akidhani ni chai.

"Kunywa tu, shemeji," mama Sumya akamwambia. "Kesho utawaka bila ufunguo."

Alizaliwa kusini, kwa wachunga ngamia. Baadaye akawa mkamuaji wa farasi kwenye shirika letu la ufugaji. Siku moja nilimpakia juu ya magunia ya sufu. Njiani rejeta ikavuja. Mimi natukana, yeye akafungua kifurushi chake, akatoa unga wake wa safari, akautia kwenye rejeta. Tundu likaziba. Tukafika. Yeye alifika na njaa.

Jina lake silitaji. Kwetu marehemu haitwi jina.

Alikwenda baridi ilipoanza. Kifua. Nikabaki na lori na kondoo. Nikawa namimina juu, nashuka mbio, naingia chini. Asubuhi moja vidole vikaganda kwenye koki. Nilipovivuta, ngozi ikabaki.

Sumya, mwanangu, akaja kutoka mjini, akaviona. Akashusha madumu mawili ya kulanti ya kijani.

"Baba, tia hii kwenye rejeta badala ya maji. Haigandi. Hutoi maji jioni wala huchemshi asubuhi."

"Nitaona."

"Usione, tia. Nikija sikukuu ya Mwezi Mweupe nikute lori bado linalala tupu, nakupakia wewe na hao kondoo tunawauza."

"Mjini nitafanya nini?"

"Utakaa."

Hakuwa anatania. Akaondoka.

Madumu yakakaa mlangoni. Nikapita nikayaona, nikapita nikayaona. Kulanti haichanganywi na maji ya kutu. Lazima yale ya kwenye karai yamwagwe.

Sikukuu ilipokaribia akaja jirani yangu Dejid, mjane, rafiki wa mama Sumya. Akanikuta nimechuchumaa.

"Shemeji, unalitazama karai kama umekuja kuliposa."

"Ni maji yake, dada."

Akavua glavu, akazivaa tena.

"Basi mwaga mwenyewe. Hayo mimi siyagusi."

Jua lilikuwa limetoka. Nilichemsha maji safi, nikayapitisha kwenye injini koki ikiwa wazi, na hita ya ndani nikaifungua. Yakatoka mekundu. Nikapitisha mengine. Dejid alilala chini ya lori, kwenye koki, anayatazama.

"Bado!" akapiga kelele.

"Nini?"

"Bado, kiziwi wewe!"

Yalipotoka meupe, akafunga koki. Nikatia kulanti polepole, nikawasha injini bila kufunga kifuniko, mapovu yakatoka, kulanti ikashuka, nikaongeza. Tone likadondoka kwenye theluji, mbwa akaja kulamba. Dejid akamtupia kiatu.

"Tamu hiyo, mjinga, itakuua!"

Kisha akaenda zake.

Nikabeba karai hadi nyuma ya zizi, mbali na mifugo. Nikamwaga. Mvuke ukapanda, theluji ikawa nyekundu. Kabla sijageuka, yakawa yameshaganda.

Jioni ile sikuwa na kazi. Nilikaa.

Asubuhi sikuwasha moto wa kuchemsha maji ya lori. Nilipanda moja kwa moja, nikapiga stata. Mara ya kwanza likakohoa. Mara ya pili likawaka. Sumya atanikuta hapa hapa, na kondoo wangu.

Nikakaa nyuma ya usukani, injini inaunguruma vizuri tu. Hakukuwa na mtu wa kumwambia toka huko chini, panda, twende.