Miti Kumi na Moja

Laiti ningeirudisha ile karatasi bila kuisaini. Tulikuwa ukumbini Kasulu, watu kama arobaini, kwenye semina ya siku moja ya kujiongoza kufikia malengo. Kijana aliyetufundisha alitoka Dar es Salaam, amevaa viatu vinavyong'aa ambavyo vumbi letu jekundu lilikuwa limeshaanza kuvibadili rangi. Alisema kila mtu ni kocha wa maisha yake: mchezaji ni wewe, kocha ni wewe, mwamuzi ni wewe. Kisha akatugawia karatasi ya ahadi. Iliandikwa kwamba kuanzia siku ile sitamruhusu mtu mwingine anipimie uwezo wangu.

Mama aliyekaa kando yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliisoma akairudisha mbele bila kuandika kitu.

"Husaini?" nikamuuliza.

"Mzee wangu, nimesahihisha madaftari miaka ishirini. Sijaona mtoto anayejisahihisha mwenyewe akapata sifuri."

Tulicheka. Mimi nikasaini.

Nilikuwa na lengo langu. Ujanani nilichaguliwa kwenda kidato cha tano nikakataa, maana nilikuwa nimeshapata kazi ya ukarani kwenye ghala la mazao Kibondo, na mshahara wa kwanza ulinilewesha. Hakuna aliyenizuia kusoma. Nilijizuia mwenyewe. Sasa nimestaafu, niko kwangu Busunzu, nikaamua nisome miaka miwili nifanye mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Nikanunua daftari. Ukurasa wa kushoto niliandika hofu zangu, wa kulia alama nilizojipa. Kila hofu niliipa juma moja, nikaikabili, kisha nikaikata kwa kalamu nyekundu. Niliogopa kusimama kuzungumza kwenye mkutano wa kigango chetu cha kanisa, nikasimama. Niliogopa kuchekwa dukani. Muuza vitabu akaniuliza, "Vya mjukuu?" Nikajibu, "Vyangu," nikatoka navyo kwapani. Siwezi kusema mpango ule ulikuwa wa uongo. Ulinisaidia, na kwa sababu ulinisaidia nikauamini kuliko ulivyostahili.

Kisha nikaanza kumimina chai nje ya kikombe. Siku nyingine nikamgonga kwa baiskeli mbuzi aliyekuwa kulia kwangu, sikumwona kabisa. Nikapanda basi kwenda kliniki ya macho Kasulu. Daktari alikuwa binti mpole, mtu wa pwani kwa lafudhi yake.

"Ni presha ya macho, baba," alisema. "Inaanza kula pembeni, inakuja katikati, na haiumi. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukilinda. Utatia matone haya kila jioni, maisha yako yote, na urudi baada ya mwezi nikupime."

"Mbona nasoma vizuri?"

"Utaendelea kusoma vizuri, mpaka siku utakayoshindwa."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafumba jicho moja, nafumbua jingine, natazama kiti cha mbele. Nilipofika nyumbani nikaandika ukurasa wa kushoto: Naogopa kuwa kipofu. Nikaipa juma moja kama zile nyingine.

Matone yaliwasha, na yalitia ukungu kwenye herufi saa ileile niliyojipangia kusoma. Chupa ilipokwisha sikurudi kliniki. Mke wangu nilimwambia daktari amesema ni uzee tu. Nikajitungia kipimo changu. Kwenye mpaka wa chini wa shamba kuna mikaratusi niliyoipanda kwa mikono yangu, kumi na moja kwa mstari. Kila asubuhi niliketi mlangoni kwenye kigoda, nikafunika jicho la kushoto, nikahesabu kwa la kulia. Kumi na moja. Nikaandika alama kamili kwa kalamu nyekundu.

Ile hofu niliikata, lakini haikuondoka. Nikiamka, kabla ya kumsalimia mke wangu, nilitafuta kwanza dirisha. Niliacha baiskeli nikasema mguu unauma. Njiani nilitembea nikiwa nimegeuza shingo, nikisikiliza nani anakuja upande wa kulia. Nikirudi ndani nilifungua daftari, nikazitazama zile alama moja baada ya nyingine mpaka moyo utulie.

Miezi minane ilipita hivyo. Asubuhi moja mke wangu alikuwa kando yangu anapepeta maharage.

"Unahesabu nini kila siku, baba?"

"Miti. Iko yote, kumi na moja."

Akauweka ungo chini.

"Hebu hesabu tena."

Nikafunika tena jicho la kushoto, nikahesabu polepole, kwa kidole. "Kumi na moja."

"Ule wa mwisho huku kulia uliangushwa siku ulipokwenda mazishini Kagerankanda. Nilimwita mtu mwenye msumeno. Nguzo zake ndizo zinashika paa la jiko. Nilingoja ugombe, ukanyamaza. Nikadhani umeninunia."

Nilishuka shambani nikaishika miti mmoja mmoja, nikaitaja namba kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Baada ya wa kumi mkono ulikosa kitu cha kushika. Nikainama nikapapasa, nikagusa kisiki. Kilikuwa kimeshachipua, machipukizi marefu kama shibiri. Tangu mazishi yale, wiki sita, nilikuwa nimejipa alama kwa mti usiokuwepo. Nikaketi palepale chini. Baadaye daktari alinieleza kwamba akili huziba pengo kwa kile inachokikumbuka.

Mke wangu alinifuata.

"Yule daktari alisema nini hasa?"

Nikamwambia yote.

"Sasa ulikuwa unanificha mimi kwa nini?"

"Niliogopa utanikataza kusoma."

"Ningekutilia hayo matone mwenyewe," alisema. "Ungekuwa unasoma, mimi ninakutilia. Kwani kazi gani hiyo?"

Kesho yake alinishika mkono hadi kwenye basi. Yule binti daktari alinimulika macho kwa muda mrefu, kisha akarudia tena lile la kulia.

Sasa naandika kwa kalamu ya wino mzito, rula ikiwa chini ya mstari. Kila asubuhi bado natafuta dirisha kwanza, nikiogopa kwamba leo halitakuwepo. Jioni mke wangu ananitilia matone. Miezi ile minane niliyojisahihisha mwenyewe imenigharimu jicho la kulia lote, na la kushoto limebaki na tundu la kuonea linalotosha neno moja kwa wakati mmoja. Mtihani wa kidato cha sita sikuufanya, na sitaufanya.