Tepu Iliyogoma

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, mtunza tepu huiamkia kompyuta kuu ya ofisi ya kuandikisha vizazi: "Umeamkaje, bibi?" Kisha huvua saa na pete, akazifungia kwenye droo, kwani hataki chuma kiguse tepu zake za kumbukumbu. Vidole vyake vikavu hunukia spiriti anayosafishia kichwa cha mashine cha kusomea tepu, kwa pamba, taratibu kama anayemwosha mtoto macho. Tepu ikizunguka, hatazami kioo cha kompyuta, huinamisha sikio. Juzi, walipokuwa wakihamishia kumbukumbu kwenye mashine mpya, tepu moja iligoma. Kosa la kusoma, mara mbili, pale pale, na nakala nyingine hakuna. Karani wake, binti mwenye haraka zake, akanyoosha kidole abonyeze tena. Mzee akamzuia.

"Mgonjwa hapigwi ili apone, mwanangu. Kila ikisomwa inakwanguka."

"Si ya zamani tu hiyo, mzee? Tuiruke."

Mzee aliizungusha polepole mwanzo hadi mwisho, akaiacha ipumzike kwenye ubaridi wa chumba kile. Jana asubuhi akasafisha kichwa, akairudisha, akainamisha sikio. Ikapita pale bila kukwama. Majina ya waliozaliwa mwaka wa tepu ile yakashuka kwenye kioo, na katikati yao karani akasoma jina lake, na chini yake la mama yake.

"Ulijua?" aliuliza.

"Lebo yake, ya mwaka uliozaliwa, niliandika mwenyewe."

"Mbona juzi hukuniambia?"

Mzee alikuwa ameshafungua droo, anavaa saa yake. "Ningekuambia, ungelala?"