Msomaji wa Bunge na Muswada wa Kufuli

Watu wengi hudhani muswada huuawa kwa kura. Eufemia Archuleta angekucheka usoni. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani msomaji wa Bunge la jimbo, yule mama mfupi anayekaa chini ya kiti cha Spika na miwani yake imening'inia kifuani, na katika miaka hiyo aliona miswada ikifa kwa mafua, kwa usingizi, kwa mwenyekiti wa kamati aliyeamka amenuna. Mmoja, haki ya Mungu, ulikufa kwa sababu mwenyewe alitoka kufuata kahawa, jina lake likaitwa, hayupo. Kufa kwa kura kulikuwa nadra.

Aliyopenda kuifuatilia kuliko yote ni miswada ya bunduki. Hiyo iliingia kwa tarumbeta na kutoka kwa mlango wa nyuma. Januari ya mwaka ninaousimulia iliingia kumi na tisa. Mmoja ulitaka kila mtu abebe bastola popote bila kibali, mwingine ulitaka asibebe hata kwenye gwaride la mavuno. Mmoja ulitaka bunduki moja ya kale, ya kushindiliwa baruti kwa ufito, itangazwe kuwa bunduki rasmi ya jimbo, maana ua rasmi tunalo, ndege rasmi tunaye, na hata swali rasmi tunalo, lile ambalo kila mgahawa humuuliza mteja, pilipili nyekundu au ya kijani. Eufemia aliiorodhesha yote kwenye kidaftari chake, na kila mmoja ukifa akaupigia msalaba.

Kufikia katikati ya Machi, misalaba ilikuwa kumi na saba. Wapenda bunduki walilalamika kwamba Bunge limewasaliti, na wasiozipenda nao wakalalamika hivyo hivyo, kwa maneno yale yale, kwenye ngazi zile zile, wakipishana nusu saa. Ule wa bunduki rasmi ulipita bila hata mmoja kupinga, wakapigiana makofi na kupiga picha. Ukabaki mmoja tu, Muswada wa Kufuli.

Huo ulisema kwamba mwenye silaha nyumbani aifungie kwenye kasha la chuma. Basi, hayo tu, ingawa walioandika walihitaji kurasa arobaini na moja kuyasema. Mwenye muswada alikuwa Hortencia Quintana, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyezoea kunyamazisha watu kwa jicho. Mpinzani wake mkuu alikuwa Leandro Sisneros, mfugaji wa ng'ombe kutoka kusini, mwenye kofia kubwa na upole wa kukuudhi. Alikuwa pia rafiki wa mume wa Eufemia tangu ujana, na wamewinda pamoja milimani hadi magoti yao yalipokataa.

Eufemia mwenyewe alikuwa upande gani? Hakuna aliyejua pale bungeni, na hilo ndilo lililokuwa jambo lake la fahari. Alisoma kila kitu kwa sauti ile ile tulivu, awe anasoma bajeti ya barabara au pongezi kwa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Waheshimiwa walijaribu kumchunguza usoni wakachoka.

Lakini nyumbani kulikuwa na bastola. Ilikuwa ya Abundio, mumewe, aliyekuwa naibu wa sherifu, yaani askari wa wilaya, kwa miaka thelathini. Mzee huyo sasa akili yake ilikuwa imeanza kuchukua likizo fupi fupi bila kuaga, na bastola nayo ikawa inatembea nyumbani. Ilionekana kwenye kopo la unga. Ilionekana kwenye friji, kando ya sufuria ya maharage. Jumapili moja Eufemia aliingiza mkono kwenye mkoba katikati ya misa atafute sadaka, akagusa chuma. Akatoa mkono taratibu, akamtabasamulia mwenye kikapu, akajiunga na wimbo.

Hilo alilisimulia na kucheka. Kuna jingine hakulisimulia. Mchana mmoja wa Februari Abundio aliingia kutoka uani, akamkuta stoo ameinama kwenye gunia la viazi, akamwamuru ainue mikono. Eufemia aligeuka akakutana na mdomo wa bastola.

"Wewe ni nani?" Abundio aliuliza, kwa sauti ya kazini.

"Mkeo. Na nyama inaungua jikoni."

Abundio alifikiri kidogo, akaishusha, akasema kweli kuna harufu. Walikula vizuri siku hiyo. Baadaye Eufemia alijifungia bafuni, akafungulia maji yote asisikike. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwa kuwa anayemwogopa ni mtu anayempenda.

Utasema si angeificha tu. Aliificha mara moja. Abundio alipindua nyumba siku mbili huku machozi yakimtoka, akapiga simu kwa sherifu kuripoti wizi, na vijana wawili wenye sare wakaja kumhoji Eufemia kwa heshima kubwa. Kasha la chuma alishanunua zamani, Abundio akaweka humo mbegu za pilipili. Kila akiombwa aifungie bastola, jibu lilikuwa lile lile.

"Miaka thelathini nimeitumikia sheria," alisema. "Sheria ikisema nifunge, nafunga siku hiyo hiyo. Mke akisema, huo ni ushauri."

Basi sasa unajua kwa nini mama huyo, aliyejifanya jiwe mbele ya watu, alikuwa anakesha rohoni kwa ajili ya muswada mmoja.

Siku ya mwisho ya kikao Bunge letu hufungwa saa sita kamili mchana. Saa sita ikigonga, lililobaki mezani limekufa, hata kama limebakiza sahihi moja. Muswada wa Kufuli uliitwa saa nne na nusu. Hortencia alikuwa amehesabu kura zake mara tatu na zilikuwa zinatosha, kwa moja. Akasimama amejinyoosha, akaketi amejinyoosha.

Ndipo Leandro akainuka, akavua kofia, akaomba muswada usomwe wote.

Kanuni hiyo ni ya zamani, ya enzi ambazo baadhi ya waheshimiwa hawakujua kusoma na hawakupenda ijulikane. Mmoja yeyote akiomba, msomaji lazima asome kila neno, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza. Eufemia alitazama lile rundo. Kurasa arobaini na moja kwa mwendo wake ni saa moja na nusu kasoro robo dakika. Akaangalia saa ya ukutani, akaangalia mkono wa Leandro, akaiona saa ya mkononi, na akaelewa. Msimu mzima yule bwana alikuwa anamletea asali ya nyumbani, chupa baada ya chupa, ya kulainisha koo, mama, sauti yako ni mali ya jimbo. Na msimu mzima, kila akisoma, jamaa alikuwa anaangalia saa. Alikuwa anampima! Asali yote ile alikuwa analishwa kama ng'ombe wa mnada.

Eufemia alikasirika mpaka masikio yakawa moto. Kisha neno hilo la mnada likamkaa kichwani.

Baba yake alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita, baba aliumwa koo, akapandishwa yeye jukwaani badala yake, na kwa misimu mitatu aliuza mitamba kwa wanaume wenye ndevu bila kuvuta pumzi. Hakuna aliyelijua hilo pale bungeni. Akanywa maji. Akavaa miwani. Akasoma kichwa cha muswada kwa sauti yake ya siku zote, watu wakaanza kujilaza vitini. Halafu akaachia.

Maneno yalitoka yamefuatana bila upenyo, yakipanda na kushuka, kila moja kamili na kila moja linasikika, fungu la kwanza, fungu dogo la pili, kasha, kufuli, ufunguo, mmiliki, na mahali pa kuvuta pumzi akafunua ukurasa. Waliolala waliamka. Spika alibaki amekamata nyundo asijue aipige wapi. Kwenye ukurasa wa tisa wafugaji wa pande zote mbili walikuwa wanatikisa mguu, na kwenye ukurasa wa ishirini mmoja alijisahau akainua mkono kama ananunua. Saa tano na dakika tano Eufemia alisoma neno la mwisho, akapanga karatasi, akavua miwani.

Leandro alisimama kulalamika kwamba hakuna aliyeweza kufuata usomaji wa namna hiyo.

"Mheshimiwa," alisema Spika, "wewe unanunua ng'ombe kwa mwendo huu miaka thelathini. Umewahi kupewa usiyemtaka?"

"Mmoja," alikiri Leandro, na Bunge zima likacheka, naye akacheka.

Eufemia hakucheka. Alikuwa anahesabu dakika. Hamsini na tano, zinatosha kupiga kura mara tano. Lakini usomaji ukiisha, mjadala unaanza, na mpinzani ana haki ya kuzungumza mpaka achoke. Leandro hakuchoka. Alieleza historia ya kufuli. Alieleza ghala la bibi yake, lisilokuwa na kufuli kamwe, na supu ya kondoo ambayo bibi huyo aliipika, na kwa nini pilipili ya kijani haifai kwenye supu hiyo, hapo nusu ya Bunge ikampinga na yeye akawajibu mmoja mmoja kwa adabu. Hortencia alimtazama kwa jicho lake la darasani. Halikufaa kitu. Saa sita ilipogonga Leandro alikuwa kwenye kitunguu saumu. Nyundo ikalia, watu wakakumbatiana, kikao kikafa na muswada ndani yake.

Leandro alikuja mezani kumpa mkono. Alimwambia hajawahi kusikia kitu kama kile, na kwamba amsalimie mzee. Eufemia alichukua kidaftari, akashika kalamu apige msalaba wa kumi na nane, akashindwa. Akakitia mkobani pamoja na ile nakala ya muswada, akaenda kuwasha gari.

Alimkuta Abundio mezani jikoni, anakunywa kahawa. Bastola ilikuwa kando ya bakuli la sukari.

"Haya, wamepitisha nini leo?" aliuliza mzee.

Eufemia alikusudia kusema kweli. Naapa alikusudia. Lakini macho yake yalikwenda kwenye bastola, yakarudi, na mkono ukaingia mkobani wenyewe. Alivaa miwani, akasimama wima pale kwenye mlango wa stoo, akasoma. Safari hii alisoma polepole, kwa sauti yake nzuri, kuanzia na yale maneno ya ufunguzi, liamriwe na Bunge la jimbo. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Hilo ndilo alilomwambia padri baadaye, na padri akasema atalifikiria.

Abundio alivua kofia, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja uso.

"Leandro alikubali jambo hili?"

"Alipinga sana."

"Na akashindwa?"

Hapo Eufemia alianza kukunja karatasi. Kusoma alijua, kusema uongo wa mdomo mtupu hakuzoea. Mzee alimtazama kama alivyokuwa akitazama madereva wenye kuficha chupa chini ya kiti, akavuta simu. Askari, alisema, hachukui neno la shahidi mmoja. Akabonyeza kitufe cha spika kwa sababu ya masikio yake, na Eufemia akashika ukingo wa meza.

"Leandro. Hii sheria ya kufuli ni kweli? Eufemia amenisomea."

Upande wa pili ikasikika kofia ikiwekwa mezani.

"Bastola iko wapi sasa hivi, Abundio?" Leandro aliuliza.

"Hapa, kwenye sukari."

Mheshimiwa akakohoa.

"Ni kweli, kaka. Nimepambana nao mpaka saa sita kamili, uliza yeyote. Wamenishinda."

"Inaanza lini?"

"Leo. Mara moja."

Abundio aliwaka. Alimwita mzembe, alimwita mdomo mtupu, alimuuliza kura alizompa kwenye chaguzi kumi na moja alizipeleka wapi. Leandro hakujitetea hata kidogo. Alisema nisamehe, kaka, nisamehe, mpaka mzee akakata simu kwa kuchoka.

Kisha akainuka. Alimwaga mbegu za pilipili kwenye sahani, akatoa risasi, akaifuta bastola kwa kitambaa cha vyombo, akaiweka kwenye kasha na kufunga. Ufunguo aliutazama kidogo kiganjani, halafu akampa mkewe, maana ukurasa wa kumi na mbili ulishauri hivyo. Eufemia aliutia kwenye mkufu wa msalaba wake, akageukia jiko ili asionekane uso.

Januari iliyofuata Hortencia aliurudisha muswada, na Leandro akaupinga kwa saa mbili na nusu kwa moyo wake wote, ila hakuomba usomwe. Jumapili huenda kumtembelea Abundio, ambaye siku hizi jina la rafiki yake halikumbuki wala milima waliyowinda. Kitu kimoja tu anakikumbuka akiiona kofia ile mlangoni, kwamba huyu ndiye aliyeshindwa ile kura ya kufuli, naye humsema vilivyo mpaka kahawa inapoa. Leandro huvua kofia na kuomba radhi.