Kuku wa Kwenda Visiwani

Jumanne, katika ofisi ya safari mjini Kitale, nilisimama nyuma ya wazee wawili wa Endebess, mume na mke, waliofika na mizigo yao kuanza likizo waliyolipiwa na watoto. Karani akawaeleza: wiki nzima kuzunguka visiwa vya mbali kwa mashua ya tanga, kupanda vilima, kutazama kobe wakubwa.

"Huko visiwani tunafikia kwa nani?" mzee akauliza.

"Hakuna mtu, mzee. Ni wanyama tu, na nahodha wenu."

Mama akafunua kikapu. Kuku akachomoza kichwa. "Basi mwenyeji ni nahodha, na siendi kwa mtu mikono mitupu. Ako na mama, nimpelekee?"

"Sijui, mama."

"Si umpigie umuulize."

Katika safari zangu zote nimeuliza choo kiko wapi na chai ni saa ngapi. Mama wa mwenyeji, hata mmoja simjui.