Tukiokota Chaza Ruvuma

Leo mama muuza chaza alipomimina kapu lake uani kwangu, harufu ya tope la mikoko ilinirudisha pale Ruvuma inapoingia baharini. Nilikuwa mdogo, naokota chaza na mama, kiboko alipotokea kati yetu na njia ya kijijini.

"Lala hapo hapo, mwanangu. Usinyanyuke," mama alininong'oneza.

Akakimbilia upande wa pili huku akigonga ndoo, na yule mnyama akamfuata. Nililala kifudifudi. Kaa walipita juu ya mikono yangu. Ndoo ikanyamaza, maji yakaanza kujaa.

Baba mdogo ndiye aliyeninyanyua.

"Umeumia wapi?"

Nikamwambia nina njaa. Nyumbani nilipewa muhogo, nikaumaliza wote, wanawake wakimlilia mama barazani.