Siku Sahani za Kapteni Ziliporudi Zimejaa

Sahani zilirudi jikoni zimejaa.

Si moja, si mbili. Ukumbi mzima. Supu haijaguswa, samaki hajaguswa, na kwenye kila sahani uma na kisu vimelazwa pamoja kwa adabu, kama vya watu walioshiba.

Hakuna mgeni aliyelalamika. Walikaa tu kwenye viti vyao, suti na lulu zao, wakimtazama mtu mmoja.

Mtu huyo ndiye niliyekuwa namtaka.

Naitwa Saveta. Kwetu ni kijijini, Maramures, Romania. Shule niliiacha kabla ya kumaliza msingi, mama alipougua, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kama ninavyowaza. Kuongea mbele za watu ndiyo siwezi kabisa. Wakinitazama watu watatu tu, ulimi unakauka.

Ndiyo maana kazi ya kuosha vyombo ilinifaa. Sahani haikutazami usoni.

Meli yetu ilikuwa ya starehe. Inatoka Kiel, Ujerumani, inapanda mpaka Norwei na kurudi. Wageni wetu wengi walikuwa Wajerumani wazee wanaorudi kila mwaka. Wanataka meza ileile, kiti kilekile, mhudumu yuleyule.

Na walitaka supu ya dada yangu.

Dada Ruxandra alikuwa mpishi wa supu. Tukifika Bergen, bandari ya Norwei, alishuka sokoni mwenyewe, akarudi na ndoo ya samaki, vichwa vinachungulia. Mifupa ilichemka tangu asubuhi. Siku ya supu yake, mabakuli yalinifikia yamefutwa kwa mkate mpaka chini. Nilikuwa nayasuuza tu.

Halafu akaja Bwana Brockmann.

Detlef Brockmann, mkuu mpya wa mikahawa yote melini. Mrefu, nadhifu, anatembea kama vile bahari ni ya baba yake. Akasema samaki wa soko wanakula muda na fedha. Akaleta mifuko.

Supu ya mifuko. Imepikwa kiwandani, imegandishwa, imeletwa kwa lori. Unautumbukiza mfuko kwenye maji ya moto, unaukata, unamimina. Basi.

Menyu hakuigusa. Iliendelea kusema vilevile: supu ya mpishi wetu, samaki wa asubuhi hii kutoka soko la Bergen.

Dada akamwambia huo ni uongo. Akamjibu akitabasamu, "Mgeni hali supu, Ruxandra. Anakula maneno."

Siku moja aliamuru supu iliyobaki jana yake ipashwe moto tena. Dada alikataa, wakaipasha wengine. Ilikuwa imeshachacha. Wageni kadhaa wakaumwa matumbo, na ikabidi apatikane wa kubebeshwa lawama.

Brockmann akatukusanya jikoni wote. Akashika mikono ya dada yangu, akainyanyua juu. Dada alikuwa anamenya bitiruti za saladi, vidole vilikuwa vyekundu mpaka ndani ya kucha.

"Tazameni," akasema. "Mikono michafu hii ndiyo iliyowaumiza wageni."

Hakuna aliyefungua mdomo. Hata mimi. Nilisimama na sahani mkononi, ulimi umekauka kama gome.

Tulipotia nanga Ålesund, dada akateremshwa ngazi na sanduku lake. Habari zikamtangulia kwenye meli zote: huyu ni mchafu. Mpishi akishaitwa mchafu, amekwisha. Heri umwite mwizi.

Pale ngazini nilitaka kushuka naye. Akanirudisha.

"Baki. Dawa za mama zinataka mtu mwenye kazi."

Brockmann alituona tunakumbatiana na hakuuliza kitu. Kwake waosha vyombo hawana ndugu. Jina langu pia hakuwahi kulijua. Aliniita Bubu. Bubu, sahani. Bubu, sakafu.

Nikajiapia moyoni. Mtu huyu atashuka ngazi ileile, bandari ileile. Na jina la dada yangu litasafishwa, mimi ndiye nitakayelisugua.

Lakini bubu anamkomeshaje bosi?

Sikilizeni. Kwenye zile ghuba za Norwei, zile nyembamba zinazopita kati ya milima, huruhusiwi kutupa kitu majini. Taka zote zinakaa melini mpaka bandarini, tena zimepangwa kwa aina yake. Plastiki inatakiwa iwe safi na kavu. Siku moja mkaguzi wa bandari aliifungua yetu, ikanuka samaki. Brockmann alikaripiwa hadharani kama mtoto.

Akaja kwangu na hasira zake zote. Kuanzia leo, akasema, kila mfuko uoshwe na uanikwe kwa vibanio mpaka ukauke.

"Hata nikifa, Bubu. Mifuko ianikwe."

Niliitikia kwa kichwa. Amri ile nikaiweka kama mtu anavyoweka kisu chini ya mto.

Sasa, kila safari kuna siku moja wageni hupitishwa jikoni. Wanapanga mstari, wanapewa glasi ya mvinyo, wanamwona mpishi akichonga bata wa barafu, wanapiga picha. Jioni yake ndiyo karamu ya kapteni. Siku hiyo kona yangu hufunikwa pazia, na mifuko huanikwa kwenye ujia wa nyuma ambako mgeni hafiki.

Nikasubiri. Safari ikaja, ikapita. Nyingine ikapita. Nilisugua masufuria na kusubiri.

Ndipo ikaja safari ambayo karamu iliangukia siku moja kabla ya Ålesund. Tena haikuwa karamu ya hivihivi. Kapteni angemkabidhi Brockmann kikombe cha mkahawa bora kuliko yote kwenye meli za kampuni.

Nikasema leo ni leo.

Asubuhi ile Brockmann aliutaka ujia wa nyuma apange glasi za mvinyo. Akakuta mifuko yangu inaning'inia.

"Bubu, toa matambara yako hapa."

"Niyapeleke wapi, bosi?"

"Mimi nitajuaje? Huko kwako."

Huko kwako. Alisema kwa kinywa chake.

Nikayapeleka kwangu. Pazia nilikuwa nimelifua alfajiri, bado linachuruzika maji. Lilikuwa chafu, jamani, ningefanyaje?

Nikafunga kamba kutoka mashine ya vyombo mpaka nguzoni. Nikaanika mfuko mmoja mmoja, kimo cha macho, sura ikitazama njia. Supu ya samaki. Nyama ya mchuzi. Sosi ya krimu. Viazi vya kuponda. Kila mfuko na picha yake, na chini yake maandishi makubwa: PASHA MOTO, USICHEMSHE.

Crisanto, mhudumu Mfilipino, rafiki yangu pekee mle melini, akapita na trei. Akasimama.

"Saveta, hizo nguo unafua za nani?"

"Za bosi."

Alicheka mpaka akashikilia rafu.

Wageni wakaja. Brockmann aliwaongoza akitembea kinyumenyume, uso kwao, mikono inapaa, anawasimulia soko la Bergen na wavuvi wake. Kwa hiyo kila mtu aliiona ile kamba isipokuwa yeye. Alikuwa bado yuko kwenye wavuvi alipohisi mfuko umemgusa kisogoni.

Mstari ukasimama. Mashine yangu tu ndiyo ilikuwa inanguruma.

Mbele ya mstari alikuwepo Bibi Tjarks, bibi wa pwani ya Emden, Ujerumani, mwenye fimbo, asiyekosa safari hata moja. Tangu dada aondoke, kila safari aliulizia supu yake, na kila safari alijibiwa kwamba yule mpishi alikuwa mchafu. Akaushika mfuko kwa ncha, akausoma polepole. Kisha akaniangalia.

"Binti, huu ni wa lini?"

Watu wote wakanigeukia. Ulimi ukaanza kukauka. Nikaviona vile vidole vyekundu vimenyanyuliwa juu.

"Wa leo," nikasema. "Ile pale ya jana. Ile pale ya juzi."

"Na yule mpishi wa supu?"

"Ni dada yangu, bibi. Hakuwa mchafu. Alikataa kupasha supu iliyochacha."

Brockmann akacheka, akasema hicho ni chakula cha mabaharia, mimi akili zangu hazijatimia. Bibi Tjarks hakubishana. Aliuchomoa mfuko kwenye vibanio, akaukunja vizuri, akautia kwenye mkoba.

"Asante kwa matembezi, Bwana Brockmann. Tutaonana mezani."

Walipoondoka, Brockmann alinijia mbiombio, shingo imevimba. Nani aliniruhusu kuanika pale?

"Wewe, bosi. Ulisema hata ukifa."

Akaniambia Kiel nitashuka na nisirudi tena. Nikaendelea kusuuza.

Jioni ikafika, jua la kule, ambalo kiangazi huchelewa kuzama, bado limewaka dirishani. Mlinielewa kuhusu uma na kisu? Kwa Wajerumani, ukivilaza pamoja kwenye sahani maana yake umemaliza. Brockmann alikuwa amewakaririsha wahudumu kama sala: ukiona vimelazwa, ondoa sahani mara moja, usimuulize mgeni swali.

Supu ikapelekwa. Haikuchukua muda Crisanto akarudi, trei imemlemea.

"Saveta, zinarudi."

"Zipi?"

"Zote."

Bibi Tjarks alikuwa amepita meza kwa meza mchana kutwa na fimbo yake. Supu ilipowekwa, wakalaza vijiko. Samaki alipowekwa, wakalaza uma na kisu. Wahudumu wakaondoa, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Brockmann alisimama katikati ya ukumbi na suti yake nyeupe, akiona sahani zinapita pembeni yake, na hakuweza kuzuia hata moja. Sheria ilikuwa yake.

Nilikwenda kuchungulia kwenye kidirisha cha mlango. Samahani, lakini nilitaka kumwona.

Kapteni naye alikuwa hajala. Kulia kwake alikaa Bibi Tjarks. Akafungua mkoba, akauweka ule mfuko juu ya sahani ya kapteni.

"Nisomee, mwanangu. Miwani nimeisahau chumbani."

Kapteni akasoma. Kwa sauti. Mpaka lile neno la mwisho, usichemshe.

Kikombe kilibaki mezani karibu na maua. Kapteni alimwita Brockmann pembeni, kisha akawaita wapishi mmoja mmoja. Wale waliokuwa wamenyamaza siku ile ya mikono, safari hii wakafunguka kama bomba. Wageni wakachemshiwa viazi, wakaletewa siagi na samaki wa chumvi, wakala kwa furaha kama watoto waliotoka kucheza.

Kesho yake tukatia nanga Ålesund.

Brockmann akashuka. Ngazi ileile. Masanduku yake alibeba mwenyewe. Wafanyakazi tulijipanga ukingoni bila kuitwa, na hakuna aliyempungia mkono.

Mnadhani niliridhika? Wapi. Moyo wa kisasi hauna kitako, unamimina tu na haujai. Nikaomba ruhusa ya saa chache, nikakimbia kumpelekea dada habari. Alikuwa amepata kazi kwenye kimkahawa kidogo karibu na maji, kwa mama mmoja wa Kinorwei asiyejali maneno ya melini. Yule mama alimwambia, nipikie kwanza, nitakuhukumu kwa kijiko.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Dada aliweka kidole mdomoni, akanionyesha kwa kichwa.

Mezani, kando ya dirisha, masanduku miguuni, alikaa Brockmann. Anasubiri ndege. Anakula supu ya samaki.

Alilifuta bakuli kwa mkate. Akaomba supu nyingine.

Damu ikanipanda. Nikachukua kopo la chumvi, nikalifungua, nikalielekeza bakulini. Dada akanishika mkono.

"Chumvi ya watu hiyo, iache."

Akamchotea tena. Tena vipande vinono, kutoka chini ya sufuria.

"Dada, umerogwa?" nikanong'ona.

"Nyamaza, mdogo wangu. Subiri."

Mwenye mkahawa akampelekea. Kijiko cha kwanza, Brockmann akafumba macho. Tukamsikia akisema amekaa jikoni na mezani maisha yake yote, hajaonja kitu kama hiki. Akaomba mpishi atoke, ampe mkono.

Dada akatoka vilevile alivyokuwa. Mchana ule alikuwa anamenya bitiruti.

Brockmann alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaona vidole. Ndipo akaona uso.

"Nimeambiwa unataka kunipa mkono," dada akasema. "Mkono wenyewe ndio huu. Unaujua."

Mkono wa Brockmann ukabaki hewani, kisha ukashuka. Akalitazama bakuli. Lilikuwa bado nusu, mvuke unapanda. Nilidhani atainuka aende, mwenye haya angeinuka.

Hakuinuka. Alikuwa na njaa, na supu ilikuwa tamu. Akala akiwa ameinamisha kichwa, sisi tumesimama tunamwangalia, mpaka tone la mwisho. Kisha akalaza kijiko.

Nikaenda kuondoa bakuli. Hiyo ndiyo sheria.

"Bubu?" akasema, kama ameona mzimu.

Nikaliinua bakuli kwenye mwanga, nikaligeuza mbele ya macho yake.

"Safi," nikasema. "Hili hata halihitaji kuoshwa."

Hapo ndipo moyo wangu ulipojaa.

Kapteni alituma watu kumwomba dada arudi melini. Dada akawajibu kwamba supu iko hukuhuku chini, na ngazi kapteni anaijua. Siku hizi meli ikitia nanga, wageni wanashuka moja kwa moja mpaka kwake, Bibi Tjarks na fimbo yake mbele. Mimi nami siko melini tena. Naosha vyombo vya dada, ingawa si kazi kubwa. Vinakuja vimefutwa.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nami mwosha vyombo naongeza langu: usimtukane mpishi na njaa ingalipo. Utamfukuza kwa mlango mmoja, na tumbo lako litakurudisha kwake kwa mwingine.