Waya Uliorefuka

Yule mwenye baiskeli aliyeligonga gari langu nyuma pale kwenye mteremko wa Kanyosha alikuwa na haki yote ya kunitukana. Alikuwa amebeba mikungu ya ndizi, anashuka kasi kama wanavyoshuka wote, mimi nikakanyaga breki na taa zangu za nyuma hazikuwaka. Angejuaje kama nasimama? Mungu alimsaidia akaangukia majani. Aliinuka akanimwagia matusi ya Kirundi, mengine hata sikuyajua, na mimi, mtu nisiyemwachia yeyote neno la mwisho, nikamwokotea ndizi zake.

Nilifika nyumbani. Baba alikuwa barazani, kitini pake. Aliendesha malori maisha yake yote, Uvira, Bujumbura, Kigoma, mpaka macho yalipomzimikia. Lakini kilichomuumiza si giza peke yake. Sisi wanawe tulikuwa tumeanza kumsemesha kama mtoto. Akikunja shati vibaya, tunasema limekunjwa vizuri sana. Akimwaga chai, tunafuta mbio na kusema hakuna kitu. Alijua.

"Munanidanganya," aliniambia siku moja. "Mi niko mupofu, siko mujinga."

Basi akaacha kugusa kazi yoyote. Kuna faida gani kufanya kitu ikiwa utasifiwa tu, kimefaulu au kimeharibika? Nilikuwa namwona anaisha polepole pale kitini, na sikujua la kufanya.

Nilipomsimulia habari ya baiskeli aligeuza kichwa.

"Balbu ni nzima?"

"Nimebadilisha, Baba. Na fyuzi ni nzima."

"Kofre unafunguaga sana?"

Mimi nauza samaki. Napakia kule Ruziba, nashusha kwa wateja mtaa kwa mtaa, buti, ndiyo hiyo kofre yake, linafunguliwa na kufungwa mchana kutwa. Nilimwambia hivyo, naye akanyoosha mkono.

"Nipeleke pale."

Moyoni nikasema haya, apapase kidogo afurahi, halafu nitaita fundi. Gari langu ni la mlango mmoja mpana nyuma, unaoinuka juu pamoja na taa zake. Kwenye bawaba kuna bomba laini la mpira, ndani yake zinapita nyaya za kwenda kwenye taa, zinazojikunja kila mlango ukifunguliwa. Baba alilipapasa, akalichomoa. Nikainama nikatazama vizuri. Nyaya zote zilikuwa safi, hakuna hata mkwaruzo.

"Hakuna kitu hapa, Baba."

"Nyamaza kwanza, mama," alisema, anavyoniita tangu nikiwa msichana mdogo.

Akaanza kushika waya mmoja mmoja, anauvuta taratibu kati ya vidole, anauacha, anachukua mwingine. Mikono ile ile inayotetemeka na kikombe ilikuwa imetulia tuli. Halafu vidole vikasimama kwenye waya mmoja.

"Huu."

Ulikuwa mzima kama wenzake, ningeweza kuapa. Akauvuta tena, na mbele ya macho yangu waya ukarefuka. Jamani! Ukavutika kama mpira.

"Shaba imekatika mu ndani," alisema. "Imebakia ngozi tu. Waya muzima hairefuki."

Macho yangu mawili yalipita juu ya waya ule yakauona mzima, yeye akakuta mahali penyewe palipokatika, ndani kwa ndani, bila kuufungua. Nimekaa na mtu huyu miaka yote na sikujua kama vidole vyake vinaweza hivyo. Nilimwogopa kidogo, ile hofu inayokushika kanisani watu wote wakinyamaza.

Aliomba wembe na kipande cha waya. Akakata, akamenya ngozi kwa meno kama madereva wa safari ndefu, akaunga, akafunga kwa utepe. Aliacha waya ulegee kidogo ili mlango ukiinuka usivutike tena.

Nilichukua mwiko wa ugali nikaukaza kati ya kiti na pedali ya breki ili ibaki imekanyagwa, nikakimbia nyuma. Kioo chekundu cha taa nilikuwa bado sijakirudisha tangu nibadilishe balbu, nayo ilikuwa wazi. Ilikuwa inawaka! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Baba, inawaka! Inawaka!"

Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Inawaka kweli," aliuliza, "ao unanifurahisha tu?"

Swali lile lilinikata maini. Niape? Viapo vyetu alishavisikia. Nimwite jirani ashuhudie? Naye angesema ndiyo hata kama ni giza tupu. Nilikuwa na taa inayowaka, na sikuwa na neno hata moja ambalo baba yangu angeliamini.

Nikamshika mkono, nikakiweka kidole chake juu ya balbu.

Mwanzo ilikuwa vuguvugu tu. Alisubiri, uso ameuelekeza mbinguni, nami nikasubiri. Mara akaruka.

"Eeh! Inaunguza!"

Akacheka, kicheko kikubwa cha zamani, cha kwenye lori, machozi yakanitoka. Halafu akaitafuta balbu tena mwenyewe, akakirudisha kidole palepale. Nilitaka kumwambia akitoe, ataungua. Nikamwacha ahakikishe mwenyewe.